Alama Mbili kwa Ajili ya Umoja

Sowedi hakuwa na gari. Hakuwa na nyumba ya matofali kule Masaka ya kuwaringia waliobaki. Hakuwa na mke, maana Mungu alikwisha kumchukua, wala mtoto wa damu yake. Hakuwa na cheti hata kimoja alichokipata mchana. Vyote alivisomea jioni, baada ya kuosha mabasi kutwa nzima, akikaa safu ya mbele ili aone haya kusinzia. Hakuwa na subira, na hilo alilijua. Na mwaka ule wa uchaguzi, katika majuma yaliyokuwa na maana kuliko yote, hakuwa na jicho la kulia, kwa sababu madaktari walikuwa wamemtoa mtoto wa jicho, kidonda kikavimba, wakaliziba na kumwambia akae ndani, asiiname, asisome, asikasirike.

Jicho hilo ndilo lililomponza. Kwa kuwa alikaa ndani, hakwenda kwenye mkutano wa Jumamosi wa Waafrika Mashariki wenzake. Na mkutano huo ndio uliomnyang'anya Aidah kiti chake.

Aidah alikuwa binti wa marehemu Muhammed, aliyekimbia Uganda pamoja na Sowedi, wakalala chumba kimoja na kugawana koti moja la baridi mpaka walipopata kazi. Alizaliwa hukuhuku Stockholm, Uswidi. Alikuwa fundi wa lifti, na katika maghorofa ya mtaa wa Fittja hakuna cheo kikubwa kuliko hicho. Bibi mwenye magoti mabovu anayeishi ghorofa ya saba hamjui waziri mkuu, lakini Aidah anamjua. Alipoamua kugombea udiwani katika manispaa, alikuwa na jambo moja kubwa alilolitaka: madarasa ya jioni yafunguliwe palepale mtaani, ili mtu aliyetoka kazini asilazimike kupanda treni nusu saa kwenda kujifunza kuandika. Sowedi alipolisikia, alikwenda dirishani akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Basi majira yote ya kiangazi mzee huyo alizunguka kutoka Fittja mpaka Norsborg akibisha milango. Jina la Aidah chama chake cha siasa kilikuwa kimeliweka chini kabisa katika orodha, mahali pa majina ya kupamba karatasi. Lakini sheria ya nchi ina mlango wa nyuma ulio halali: mpiga kura anaweza kuweka alama mbele ya jina moja analolitaka, na jina likipata alama za kutosha, linaruka juu ya wote. "Alama moja," Sowedi aliwaambia watu milangoni. "Mbele ya jina la Aidah. Basi." Wakaitikia. Wakamkaribisha chai. Alihesabu moyoni, akaona zinatosha na kubaki.

Kura zilipohesabiwa, Aidah hakuruka. Alipungukiwa alama chache, idadi ya watu wanaoweza kukaa katika ukumbi mmoja wa harusi. Aliyeingia barazani ni Humphrey, Mkenya wa Norsborg, mfanyabiashara wa kusafirisha mizigo, ambaye jina lake lilikuwa la mwisho kupata kiti katika orodha hiyohiyo: Aidah angepanda, yeye angeanguka.

Sowedi aliwaka. Mwanzoni aliwawakia Waswidi. Alikwenda mahali kura zilipokuwa zikihakikiwa mbele ya watu, akasimama na jicho lake moja kama askari wa zamu, akitafuta mwizi. Hakumpata. Karatasi zilihesabiwa wazi, na msimamizi alimletea kiti na kahawa. Alirudi nyumbani na hasira ileile, ila sasa haikuwa na pa kwenda, na hasira ya namna hiyo humla mwenyewe.

Aliyeipa njia ni Teopista, muuguzi mstaafu kutoka Fort Portal, mwanamke mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Alikuwa akimkaangia Sowedi samaki jikoni kwake, kama alivyofanya kila alipomwona amekonda.

"Kula, ssebo. Uchaguzi umekwisha. Kwanza sisi tulifanya vizuri, hatukubagua mtu."

"Hamkubagua vipi?"

"Tuliwapa wote wawili! Aidah alama, Humphrey alama. Ukumbi mzima tulikubaliana. Kwa ajili ya umoja."

Sowedi aliweka uma mezani. "Dada Teo. Uliweka alama mbili?"

"Mbili, tena nzuri, na kalamu yangu mwenyewe. Wewe ulitaka nimpe mtoto wa Muhammed nimnyime Humphrey, nikakutane naye Jumapili kanisani? Nitaweka wapi uso?"

"Karatasi yenyewe imeandika! Kwenye karatasi, juu ya majina! Mtu mmoja tu! Ukiweka mbili, zote zinatupwa, ya Aidah na ya Humphrey, kama hukuandika kitu!"

Samaki aliungua kidogo. Teopista aligeuka taratibu, mwiko mkononi.

"Zote?"

"Zote."

"Lakini Humphrey ndiye aliyetuambia," alisema, na sauti ya kengele ikawa ndogo. "Alisimama siku ile wewe unaumwa. Akasema, wazee wangu, msigombane kwa ajili yetu, sisi ni ndugu, tuwekeeni alama wote wawili. Tukampigia makofi. Mwenyekiti wetu, Mzee Obedi, alitoa machozi."

Siku ya pili Sowedi alimkuta Aidah kwenye ghorofa la karibu na msikiti, amechuchumaa mbele ya lifti iliyofunguliwa tumbo, taa kichwani. Alimweleza yote kwa pumzi moja. Aidah hakunyanyua kichwa.

"*Släpp det, farbror,*" alisema, kwa Kiswidi alichomjibia tangu utoto. Achana nayo, baba mdogo.

"Niachane nayo? Mtu hajui sheria, anawapoteza wazee wazima..."

"Anajua."

Bisibisi ilisimama. Sowedi naye alisimama.

"Tulikaa semina moja ya wagombea," Aidah alisema, sasa kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Mwalimu alieleza alama moja. Humphrey akanyoosha mkono. Akauliza, na mtu akiweka mbili? Mwalimu akamjibu. Mimi nilikaa nyuma yake. Nilimwona akiandika."

"Na ulinyamaza!"

"Mkutano wenu sikuwepo, nilikuwa kazini! Nimejua baada ya kura, kama wewe. Sasa nikaseme nini? Chama kitasema, Waafrika hao, wapeni nafasi moja, wanatoana macho. Nataka kugombea tena, *farbror*. Usinichomee."

Sowedi alitaka kusema mengi. Aliuma meno. Jina lililoibiwa halikuwa lake, na hata mtu asiye na subira anajua kwamba mwenye jeraha ndiye wa kuamua lini lifunguliwe. Aliondoka kwa ngazi, ghorofa saba, akikanyaga kila ngazi kana kwamba ilikuwa shingo ya mtu.

Sasa hapa ni lazima ijulikane kazi ya Sowedi ya uzeeni. Kila Jumamosi chama cha Waafrika Mashariki kilikutana katika ukumbi mdogo wa Fittja: Waganda, Wakenya, Watanzania, Warundi, Wakongo, kila mmoja na Kiswahili chake, Watanzania wakiwasahihisha wengine bila kuombwa. Na kila Jumamosi, kabla ya chakula, Sowedi aliwasomea ukurasa mmoja au mbili za historia aliyokuwa akiiandika: habari za wote waliowahi kuongoza manispaa. Yeye aliwaita mameya. Waswidi hawana meya wa kuvaa mkufu shingoni kama yule ambaye Sowedi alimwona utotoni akipita na gari jeusi. Wana mwenyekiti wa halmashauri anayekwenda kazini kwa baiskeli. Lakini Sowedi alisema mtu anayeamua maji yapite wapi na shule ijengwe wapi ni meya, hata akienda kwa miguu.

Alikwenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya manispaa mara nyingi mpaka watunzaji wakamjua kwa jina. Aliwasomea wazee habari za mkulima aliyeendesha mikutano ya kwanza jikoni kwake, madiwani wakikaa juu ya magunia ya viazi. Aliwasomea habari za yule aliyetia sahihi ramani ya maghorofa ambamo leo wao wenyewe wanaishi, akiwa hajawahi kumwona Mwafrika. Na walimwomba arudie mara kwa mara habari za mwalimu Rebecka, mmoja wa wanawake wa kwanza barazani, miaka mia iliyopita. Wanaume waliamua watoto wa vibarua wasipewe kuni za shule. Rebecka alishindwa kwa kura, peke yake dhidi ya wote. Akasema: andikeni katika kumbukumbu kwamba mimi sikukubali, na sababu zangu ni hizi. Ndiyo desturi ya nchi hii: aliyeshindwa ana haki ya kuandikisha kutokubali kwake, na hakuna mwenyekiti awezaye kumkatalia. "Meya wa mwaka ule hakuna amkumbukaye," Sowedi alipenda kumalizia. "Maneno ya Rebecka nimeyashika kwa mkono huu."

Sasa chama kilitaka historia hiyo ichapwe, na sura ya mwisho iwe ya Humphrey: diwani wa kwanza kutoka kwetu. Jumamosi ya sherehe ikapangwa. Teopista alikuwa ameahidi pilau kabla mambo hayajaharibika, na ahadi ni ahadi. Alipika kimya, jambo lililowatisha waliomjua.

Humphrey alifika na suti ya kijivu na beji ya manispaa kifuani. Watu walikwisha kuanza kumwita Mheshimiwa. Alimkumbatia Sowedi, akamtia karatasi mkononi.

"Mzee wangu, najua macho yanakusumbua. Si nimekurahisishia? Sura ya mwisho hiyo, nimekuandikia. Wewe soma tu."

"Umejiandikia historia yako mwenyewe?"

"Nani anaijua kunishinda?" Humphrey alicheka, na waliokuwa karibu wakacheka naye.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Obedi, Mkongo wa Bukavu aliyevaa kofia ya manyoya hata ndani, aligonga meza. "*Bon*. Kimya, bandugu. Leo ni siku ya furaha. Mzee Sowedi atatusomea, kisha tutakula. *Voilà*."

Sowedi alisimama. Jicho la kulia lilikwisha kufunguliwa na liliona vizuri kuliko miaka kumi iliyopita. Alisoma kwa sauti: Humphrey alizaliwa wapi, Humphrey alifika lini, Humphrey aliteseka vipi. Watu waliitikia kwa kichwa. Kisha akafika kwenye mstari mmoja, akaacha kusoma. Akaurudia taratibu, neno kwa neno.

"'Bi Aidah naye, kwa adabu njema ya Kiafrika, alimpisha kaka yake mkubwa kwa hiari yake.'"

Aidah alikuwa mlangoni. Alikuwa amepita na suruali ya kazi yenye mifuko, kumchukua mzee amrudishe nyumbani kwa sababu ya barafu iliyoanza njiani. Sowedi alimwona. Ukumbi mzima uligeuka kumwona.

"Aidah," Sowedi aliuliza juu ya vichwa vya watu. "Wewe ulimpisha mtu?"

Binti alikuwa ameshika glavu zake kwa mikono miwili. Macho yake hayakuwa kwa Sowedi. Yalikuwa kwa Humphrey, na Humphrey alikuwa akitabasamu kama mtu anayemsihi mtoto asilie mbele ya wageni.

"*Nej*," alisema. Kisha kwa lugha ya wote: "Sikumpisha mtu. Niliangushwa."

Ukumbi ulivuma. Sowedi aliikunja karatasi ya Humphrey mara nne, akamwekea kwenye sahani.

"Wazee wenzangu, mlidanganywa. Mliambiwa alama mbili ni umoja. Alama mbili ni sifuri. Yeye hakuzihitaji, kiti chake kilikuwa tayari. Aliyezihitaji ni huyu. Na alijua! Aliuliza swali hilo hilo kwenye semina, akajibiwa, akaandika. Humphrey, kana. Kana mbele yake."

"Mzee, punguza presha," Humphrey alisema. "Siasa ni hesabu. Kila mtu anapiga hesabu zake. Mimi niliwaambia watu waweke alama mbili, sikumshika mtu mkono. Na kiti kimekwenda kwetu au hakikwenda? Sasa kwa nini tuvuane nguo? Huyu msichana nitamtafutia nafasi kwenye kamati fulani. Ya lifti, hata."

Alicheka. Safari hii alicheka peke yake.

"Ulijua?" Ilikuwa sauti ya Teopista kutoka kwenye meza ya chakula. "Humphrey, nakuuliza kama mama. Nilipokuwa nakupigia makofi, ulijua?"

"Dada Teo, mambo ya siasa..."

"Mimi nimesimama kwenye foleni na magoti haya! Nimevaa gauni la Pasaka! Nimempa mtoto wa Muhammed kura yangu, na wewe ulijua naitupa?" Hakungoja jibu. Alifunika sufuria ya pilau kwa mfuniko, akaishika masikio yote mawili kwa kanga. "Chakula hiki sikumpikia mwizi. Mwenye njaa anifuate nyumbani."

Akatoka nayo, mvuke ukimfuata. Baadhi ya watu waliinuka. Mzee Obedi aligonga meza kwa kiganja.

"Kaeni! Aibu gani hii? Mzee Sowedi, mi nakuheshimu, lakini ya nyumba yetu yabaki ndani ya nyumba. Waswidi wakisikia watasema nini? Tumekubaliana Humphrey ni diwani wetu, sura itachapwa kama ilivyo. Yamekwisha."

"Mficha uchi hazai, Mzee Obedi. Nami sikukubaliana. Naomba iandikwe kwamba sikukubali, pamoja na sababu."

Kulwa, katibu, Msukuma asiyependa ugomvi, alinyanyua kalamu akamtazama mwenyekiti.

"Usiandike," alisema Obedi.

Kalamu ikalala.

Hapo ndipo hasira ya Sowedi ilipobadilika. Kabla ya hapo ilikuwa moto wa nyasi, unaruka huku na huku. Sasa ilitulia ikawa kaa. Aliwatazama watu aliowasomea mwaka mzima habari za Rebecka, watu waliosema rudia, rudia, mzee, hiyo ni tamu. Na sasa aliyeomba haki ileile mbele yao alinyimwa, nao wakatazama sahani tupu. Alichukua koti lake. "Historia yangu haitachapwa na chama hiki," alisema. "Hata ukurasa."

Njiani Aidah alimshika mkono pale penye barafu mpaka walipofika chini ya ghorofa. Sowedi ndiye aliyeanza kusema, na aliuliza, jambo ambalo hakulizoea.

"Ulisema nisikuchomee. Ile ni haki yako. Nikiandika, jina lako litakuwemo. Niandike, au ninyamaze?"

"Uandike wapi? Wamekataa."

"Nimekaa kwenye hifadhi yao miaka, mwanangu. Barua yoyote inayofika ofisi za manispaa kuhusu mambo ya baraza inapigwa muhuri, inapewa namba, inatunzwa. Mtu yeyote akiomba kuisoma, wanampa, hawaruhusiwi kumuuliza yeye ni nani. Rebecka aliandikishwa barazani. Mimi si diwani. Lakini barua ninayo haki ya kutuma."

Aidah alipiga teke kipande cha barafu. "Chama changu cha siasa hakitanipenda."

"Hakitakupenda."

"Aliniandika eti nina adabu njema." Alicheka kwa hasira, na Sowedi alimsikia Muhammed katika kicheko hicho. "Kama angeniibia tu, ningenyamaza. Lakini kuniambia nilimpa mwenyewe! Andika, *farbror*. Panda juu. Natengeneza chai."

Aliandika mezani jikoni, kwa Kiswidi, kwa mwandiko wa shule ya jioni, herufi zilizosimama wima. Alieleza mkutano, maneno ya Humphrey, swali la semina na jina la shahidi. Aliandika kwamba wazee walioweka alama mbili hawakuwa wajinga. Walilelewa kutomwaibisha jirani mbele ya jirani, na mtu aliyejua malezi hayo aliyageuza mtego. Aliandika kwamba haombi kiti kirudishwe, kwa kuwa sheria hairudishi alama iliyotupwa. Anaomba ijulikane kwamba diwani wa kwanza kutoka Afrika Mashariki alikaa kwenye kiti ambacho watu walikusudia kumpa mwingine. Mwishoni aliweka maneno ya zamani ya barazani: mimi sikukubali, na sababu zangu ni hizo.

Aidah alisoma juu ya bega lake. Alirekebisha maneno mawili ya Kiswidi. Kisha akaweka kidole.

"Hapa umeandika 'binti huyu maskini'. Toa. Mimi si maskini."

Sowedi alitaka kubisha, akaona ana haki, akaandika ukurasa upya.

"Na ongeza kwamba nitagombea tena. Na kwamba madarasa ya jioni bado nayataka."

Aliongeza. Aidah akatia sahihi ya shahidi chini ya sahihi yake. Sowedi alikunja kurasa, akazitia katika bahasha ndefu, akaandika juu yake: Kwa Baraza la Manispaa, isajiliwe. Alilamba gundi kutoka pembe hadi pembe, akaibana kwa ngumi, akabandika stempu mbili ingawa moja ingetosha, maana hakutaka irudi.

Wakashuka pamoja. Lifti ilikuwa nzima. Kwenye sanduku la posta la njano karibu na kituo cha treni, Aidah alifungua mdomo wa sanduku kwa mkono wenye glavu akaushikilia, na Sowedi akaisukuma barua mpaka akasikia imeanguka chini.